Kipunji na Mbayuwayu wa Buluu: Mlima Mmoja, Mahitaji Mawili

Shikamooni wazee wangu. Walimu na wanafunzi, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie viumbe wawili wa milima yetu: kipunji, tumbili wa misitu ya Rungwe na Livingstone, na mbayuwayu wa buluu anayezaliana kwenye nyasi za Kitulo.

Kiuainishaji, wote wana uti wa mgongo, kisha njia zinaachana. Mmoja ni mamalia wa oda ya primata. Mwingine yumo katika oda ya ndege waimbao, yenye zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani.

Kwa kipunji naomba tukae kidogo. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 kwa kutegemea picha, wakamweka katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, iitwayo Lophocebus. Baadaye mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima, shambani kwenye mahindi, kando ya msitu wa Rungwe. Vinasaba vyake vikaonyesha kuwa ndugu zake wa karibu ni nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, na humo yuko peke yake. Akitoweka, imetoweka jenasi nzima! Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria wako 1,117 tu, pamoja na wale wa Ndundulu kule Udzungwa.

Mbayuwayu wa buluu ana ndugu wengi wa jenasi ya Hirundo, akiwemo yule anayejenga chini ya madaraja. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya spishi kutoweka, hatari yake iko ngazi moja chini ya ile ya kipunji. Lakini mimi ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu hawaoni anachopoteza. Huyu hataki miti. Anawinda wadudu akiruka juu ya nyasi, na kiota chake cha tope na majani makavu anakigandisha ndani ya shimo ardhini, mara nyingi shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mvua zikiisha huenda Uganda na Kenya, kisha hurudi.

Sasa sisi tukiona uwanda wa nyasi tunasema ni ardhi tupu, tunapanda mipaina au viazi. Kwa kipunji, miti ya asili inayounganisha msitu na msitu ni uhai. Kwa mbayuwayu, mipaina ile ni kufungiwa mlango. Kwa hiyo, wenzangu wa kamati za mazingira, kabla ya kugawa miche ulizeni wazee: hapa palikuwa msitu, au palikuwa nyasi tangu zamani? Kama palikuwa nyasi, miche ipelekeni kwingine, na mashimo ya mhanga msiyafukie.