Prophet-5: kufufua kampuni si kurudisha nembo

Wapiga vinanda wenzangu huko nyumbani, hamjambo? Leo tunafungua mfuniko wa Prophet-5, sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme. Kampuni iliyoiunda ilikufa ikafufuka, na wengi wanadhani ilitosha kurudisha nembo. Nembo ndiyo kazi nyepesi.

Historia kwa haraka. Dave Smith alianzisha Sequential Circuits huko California mwaka 1974. Prophet-5 ikatoka 1978: noti tano kwa mpigo, osileta (sakiti inayozalisha wimbi la sauti) mbili kwa kila noti, na prosesa ndani yake ya kukumbuka sauti ulizounda. Kabla ya hapo, mara nyingi ulichora mkao wa kila nobu kwenye karatasi! Mwaka 1987 kampuni ikafungwa, jina likaenda Yamaha. Smith akaanza upya 2002 kwa jina la Dave Smith Instruments. Mwaka 2015 Yamaha wakamrudishia jina la Sequential, baada ya Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, kampuni ya Japani ya vinanda vya elektroniki, kumwombea. Mshindani kumwombea mshindani, fikiria hilo. Lakini hao wawili ndio walioisukuma MIDI, lugha ya vinanda vya elektroniki kuwasiliana, mpaka ikazaliwa.

Sasa tuje kwenye bodi, hapa ndipo penye mambo.

Osileta ya analogi hupangwa kwa volti moja kwa kila oktavu. Volti hiyo hupita kwenye transista, na transista husikia joto: sanduku likipata moto, noti zinateleza. Matoleo mawili ya kwanza yalitumia chipu za SSM, na kuzituliza kulikuwa na kazi. Toleo la tatu likahamia chipu za kampuni ya Curtis, na CEM 3340, chipu yao ya osileta, ina fidia ya joto ndani yake. Noti zikatulia, ila wapenzi wa SSM 2040, chipu ya filta inayochuja sauti, wakalalamika kwamba ule unene umepotea. Baadaye chipu zote hizo zikaacha kutengenezwa, na bila chipu jina ni kibandiko tu.

Kwa hiyo ufufuo wenyewe ulianzia kiwandani. Mwaka 2016 CEM 3340 ikaanza kuzalishwa tena. Dave Rossum, mbunifu wa filta ya 2040, akaleta mrithi wake, SSI 2140. Mwaka 2020 Prophet-5 ya toleo la nne ikatoka na filta zote mbili, ya Rossum na ya Curtis, unachagua kwa swichi. Ina pia nobu iliyoandikwa Vintage: kwenye 4 noti zimetulia, ukishuka kuelekea 1 kila sauti, yaani kila moja ya sakiti tano zinazopiga noti, inayumba kidogo kivyake. Kwangu mimi hiyo nobu ndiyo bora kuliko vyote, maana kasoro ya zamani sasa unaipima mwenyewe. Focusrite, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya sauti, waliinunua kampuni 2021. Smith akafariki 2022.

Ukiletewa ya zamani ununue, kwanza soma nyuma imepangwa kwa volti ngapi. Iliyopangwa kwa 115 ukiichomeka kwenye 230, umeiua. Iwashe, iache dakika ishirini ipate joto, ndipo ubonyeze Tune, kitufe cha kuzipanga osileta. Ukiibonyeza ikiwa baridi, utaibonyeza tena baada ya robo saa. Kisha bonyeza noti tano moja baada ya nyingine bila kuziachia, maana kila noti huchukua sauti yake kati ya zile tano. Moja ikitoka bubu au kali, tatizo liko kwenye sakiti ya sauti hiyo. Kitufe cha noti kikikatakata, mara nyingi ni kutu kwenye sehemu za mguso chini yake, si chipu. Mngurumo mzito unaashiria kapasita za pawasapulai zimekauka.

Betri ya kumbukumbu imelehemiwa kwenye bodi. Ukiing'oa, sauti zote zilizohifadhiwa zinafutika, hivyo kwenye toleo la tatu zirekodi kwanza kwenye kaseti kupitia tundu lake, kisha zirudishe na uzisikilize. Rekodi mara mbili; kaseti moja ikikwaruzika huna pa kukimbilia.