Dalili Zinazobebeshwa Ulemavu

ZUHURA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, na niko na kaka Elia, ambaye kwa miaka mingi amemtunza mama yake anayetumia kiti cha magurudumu. Leo tunazungumzia kinga na mazoea ya afya kwa wazee wenye ulemavu.

ELIA: Asante, dada Zuhura. Niruhusu nianze na kosa letu. Mama alianza kuchoka kupita kiasi, nasi nyumbani, pamoja na wahudumu wa afya waliomwona mwanzoni, tukasema hiyo ni kawaida ya mtu aliyepooza na ambaye umri umekwenda. Ilipita miezi kadhaa kabla hajapimwa damu, na ndipo ikaonekana kwamba ana upungufu mkubwa wa damu.

ZUHURA: Pole sana. Wengi wamepitia hayo, kwa kuwa dalili mpya inapompata mtu mwenye ulemavu, macho ya wote hukimbilia ulemavu wake. Mimi ningemshauri mzee au mlezi aulize waziwazi: "Mtu asiye na ulemavu angekuja na dalili hii, mngempima nini?" Kisha aombe kipimo hicho hicho.

ELIA: Swali hilo linahusu pia uchunguzi wa shinikizo la damu, sukari, macho, masikio na saratani. Mara nyingi wazee wetu huukosa kwa sababu kitanda cha uchunguzi kiko juu mno, au mashine ya kupiga picha za matiti inamtaka mtu asimame. Mama alikaa miaka bila kupimwa uzito kwa kukosa mzani unaopokea kiti chake, ilhali kuna dawa ambazo dozi yake hukadiriwa kwa uzito.

ZUHURA: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika kifungu cha 25 kwamba wapewe huduma za afya za kiwango kile kile wanachopewa wengine. Kwa hiyo anayepiga simu kabla ya miadi na kuulizia kitanda kinachoshushwa, au mkalimani wa lugha ya alama, anadai haki yake. Tuje nyumbani sasa. Wewe ungeanza na nini?

ELIA: Maji. Anayehitaji kusaidiwa kwenda chooni hupunguza kunywa ili asisumbue watu, na uzee nao hupunguza hisia ya kiu. Hapo choo hufunga, maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia, na mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, nasi tukadhani ni akili ya uzee. Tulimhimiza mama anywe maji bila mafanikio, lakini tulipokubaliana naye saa za choo ambazo hatakosa mtu wa kumsaidia, alianza kunywa bila kuambiwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi kinachomfaa.

ZUHURA: Na ngozi?

ELIA: Anayekaa kwenye kiti kutwa anapaswa kuegama au kujiinua kila baada ya dakika 15 hadi 30, na ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku, kwa kioo ikibidi. Vitabu husema tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Pasa mkono: mahali palipopata joto, palipokuwa pagumu au palipovimba pasikandamizwe tena, na mhudumu wa afya apaone mapema, kwa sababu kidonda cha mgandamizo kikishachimba huchukua miezi kupona.

ZUHURA: Kuhusu mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulitoa kwa mara ya kwanza mapendekezo mahususi kwa watu wanaoishi na ulemavu, na lengo lake kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Asiyefikia kiwango hicho afanye anachoweza, hata akiwa ameketi. Ila mabega ya anayesukuma kiti yanafanya kazi ya miguu, kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe namna ya kuyaimarisha bila kuyaumiza. Chanjo za mafua na nimonia zisisahauliwe, na dawa zote zipitiwe upya na daktari angalau mara moja kwa mwaka.

ELIA: Mimi hubeba daftari kila tunapokwenda kliniki. Nimeandika humo hali ya mama anapokuwa mzima: usingizi wake, uzito wake, na mambo anayoyafanya bila msaada. Daktari asiyemjua akimwona kwa mara ya kwanza, atajuaje kilichobadilika?

ZUHURA: Ukurasa wa kwanza unasemaje?

ELIA: Unasema kwamba mama hufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Siku atakaposhindwa, nitampeleka hospitali siku hiyo hiyo.