Muvi Mbaya: Mbona Nyingine Tunacheka, Nyingine Tunadai Pesa Zetu?

Ahsanteni kwa kuja, hasa mlioacha mpira wa leo. Ninyi mliokulia vibanda vya video vya Kondele na Manyatta hapa Kisumu sina haja ya kuwaeleza muvi mbaya ni ipi. Stelingi anafyatua bastola mfululizo na risasi haziishi, mnaijua.

Tuanze kwa jirani. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, kutoka mtaa wa mabanda wa Wakaliga jijini Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? Damu ni rangi nyekundu iliyojazwa kwenye kondomu, bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, helikopta ya kompyuta inashambulia Kampala. Kapteni anauawa, muvi inaisha, na muuaji hatajwi. Wapi malalamiko? Hakuna! Mateke hayapoi, na VJ Emmie, msimuliaji wa muvi, anapayuka juu ya picha akimshangilia kila anayepigana. Unaona wazi watu hawa wamemwaga kila walicho nacho.

Sasa The Room ya Tommy Wiseau, Marekani, 2003. Huyu pesa alikuwa nazo. Inasemekana zilienda dola milioni 6. Mama anamwambia bintiye ana saratani ya matiti, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na habari hiyo hairudi tena hadi mwisho. Sebuleni kuna fremu zenye picha za vijiko, basi mashabiki huingia ukumbini na vijiko vya plastiki wavirushe kila fremu inapoonekana. Wiseau alitaka tulie machozi. Tunacheka kwa sababu alitaka kwa moyo wote, akakosa shabaha kwa maili nzima. Anayeharibu makusudi ili tucheke huniboesha. Mzaha wake ameshaucheka mwenyewe kabla sijafika.

Inayokera ni ile isiyo na kosa la kushika. Picha safi, sauti safi, hadithi imelala. Gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha, anangoja, ndipo aseme "niaje". Au anapokea simu na kurudia kila neno analoambiwa: "Ati baba amelazwa? Ati hospitali kubwa?" Tamthilia zetu za runinga zina ugonjwa huo. Sitaji jina, bado naishi mji huu.

Ndiyo maana namheshimu DJ Afro, yule msimuliaji wetu wa muvi za vibandani. Muvi ya kigeni yenye matundu humpa nafasi: anaingiza utani wa mtaani, anawapa adui maneno ambayo hawajawahi kusema, na kibanda kizima kinamjibu stelingi, "Geuka nyuma, wee!" Lakini mpe ile ya mtu kupanda ngazi. Atatania ngazi ya kwanza, ya pili, na kufikia ya tano watu wameshatoka nje kununua njugu.