Soma ECG kuanzia pembeni

Haya, karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hiyo hapo kwenye skrini. Najua macho yako yameshakimbilia katikati kutafuta ST iliyopanda, yaani kile kipande cha mstari baada ya QRS ambacho kikipanda huashiria mshtuko wa moyo. Yarudishe. Mashine imeandika utambuzi wake pale juu. Ufunike kwa kidole gumba mpaka umalize kusoma mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni maandishi madogo. Jina, umri, saa, kisha 25 mm/s (kasi ya karatasi) na 10 mm/mV (kimo cha mawimbi). Kwa kasi hiyo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa ni 0.20. Kama mtu alibonyeza 50 mm/s na wewe hukuona, utahesabu nusu ya mapigo na kumpa mgonjwa ugonjwa asio nao.

Hatua ya pili ni nyaya, na hapa tukae kidogo. Kila lidi ni pembe moja ambayo mashine inautazamia moyo. Tazama lidi I: P (wimbi dogo la atria, vyumba vya juu) na QRS (michomo mikali ya ventrikali, vyumba vya chini) kwa kawaida huelekea juu. Kwenye lidi aVR huelekea chini. Ukikuta kinyume, usianze kuwaza moyo uliokaa upande wa kulia. Nenda kitandani. Mara nyingi waya wa mkono wa kulia na wa kushoto vimebadilishana tu.

Nyaya za kifuani sasa, V1 hadi V6. Teremsha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka juu; utagusa kituta. Hapo unaungana ubavu wa pili, na nafasi kati ya mbavu iliyo chini yake ndiyo ya pili. Shuka hadi ya nne. Bandika V1 kulia kwa mfupa, V2 kushoto. Wengi huzibandika juu mno kwa kukadiria kwa macho, na karatasi inatoka kama ya mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo.

Hatua ya tatu, mapigo. Gawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya R na R, yaani vilele vya QRS mbili zinazofuatana. Mdundo ukienda ovyo, hesabu R zote za mstari mrefu wa chini, ule wa sekunde 10, zidisha kwa 6. Mdundo ovyo na P hazionekani? Fikiria fibrilesheni ya atria, yaani atria zinatetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio. P zikiwepo, pima PR, kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS: visanduku vidogo 3 hadi 5. QRS iwe chini ya 3.

Mhimili, yaani mwelekeo wa jumla wa umeme wa moyo: QRS ikielekea juu kwenye I na aVF, uko sawa, songa mbele.

Hatua ya nne, ST. Sasa ruksa. Soma lidi kwa ujirani wake: II, III na aVF ni ukuta wa chini, V1 hadi V4 ni mbele, I, aVL, V5 na V6 ni pembeni. Kwenye karatasi yetu ST imepanda II, III na aVF, tena III kuliko II, na aVL imeshuka. Ukuta wa chini huo. Mwenzako ampigie simu daktari bingwa sasa hivi, wewe usikimbilie naitreti, dawa ya kutanua mishipa ya damu. Hamisha elektrodi ya V4 iende kulia, nafasi ileile ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. Chapisha tena, na uandike V4R kwa kalamu, maana mashine itaendelea kuiita V4. ST ikipanda hapo, ventrikali ya kulia imeguswa, na naitreti inaweza kuiangusha presha ghafla.