Anayemngoja Bwana Hauzi Shamba

(Mhadhara kwa wazee wa kanisa na walimu wa shule ya Jumapili, Busia, upande wa Uganda)

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena!

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana mliovuka mpaka alfajiri kutoka upande wa pili, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni tumaini la Mkristo katika kuja mara ya pili kwa Bwana wetu. Sitawasomea yale mnayoyajua. Kwamba atarudi, tunakiri kila Jumapili: atakuja tena kwa utukufu, kuwahukumu wazima na wafu. Mwenye shaka juu ya hilo anitafute baadaye, tutaketi naye tuongee bila haraka.

Mimi nimekuja na jambo moja. Walionisikia Tororo na Mbale watalisikia tena, na nitaendelea kulisema mpaka watu walisikie. Mtu anayemngoja Bwana kwa kweli, utamjua kwa jinsi anavyoishika kazi yake. Ukiona mafundisho ya siku za mwisho yanamtoa mtu shambani, yanamtoa mtoto shuleni, yanamtoa mgonjwa hospitalini, yakatae. Hilo silo tumaini tulilopewa na mitume. Huo ni wizi.

Nasema wizi kwa sababu karatasi nimeiona kwa macho yangu.

Kuna mama mmoja katika vijiji vyetu hivi, jina lake silitaji. Alinitolea karatasi kutoka chini ya godoro, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Umeandikwa hivi: mimi fulani nimeuza shamba langu kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu yeyote. Chini yake kuna sahihi ya mumewe, sahihi ya mnunuzi, majina ya mashahidi, muhuri wa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Na pembeni kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, kuna alama ya kidole gumba cha mama mwenyewe, wino wa zambarau umetapakaa mpaka mistari ya kidole haionekani vizuri. Nikamwuliza, "Mama, ulikubali?" Akanijibu, "Mchungaji, niliambiwa nikikataa nitaachwa siku ya unyakuo, nibaki na shamba langu peke yangu."

Alikuwa amekuja mhubiri, amepiga hema, amefunga vipaza sauti. Alihubiri kwamba Bwana anarudi kabla ya Pasaka ya mwaka ule. Siyo karibu na Pasaka, wala labda Pasaka. Kabla ya Pasaka! Mume wa mama huyu aliamini. Aliuza shamba. Sehemu kubwa ya fedha ikaitwa sadaka ya mwisho ikaenda kwa mhubiri, kiasi kilichobaki kikanunua kanzu nyeupe na chakula cha mkesha. Watoto walitolewa shule, maana mtihani wa nini kwa mtu anayekwenda mbinguni?

Pasaka ikaja, ikapita. Hema lilikuwa limeshang'olewa.

Mnunuzi alipanda mihogo. Ndugu zangu, leo mama yule analima vibarua, na shamba analolimia malipo ni lile lile. Anapalilia mihogo ya mtu mwingine katika udongo alimozika vitovu vya watoto wake. Mumewe haendi tena kanisa lolote. Akisikia wimbo wa tarumbeta, anatoka nje. Mwambie sasa mtu huyo habari za tumaini lenye baraka! Neno tamu kuliko yote tuliyo nayo limegeuka shubiri kinywani mwake.

Nani amemfanyia hivyo? Shetani, ndiyo. Lakini palikuwa na mtu mwenye kipaza sauti. Na palikuwa na sisi, wazee wa makanisa jirani, tuliosikia vipaza sauti vile wiki nzima tukasema, tusihukumu tusije tukahukumiwa.

Yule mhubiri angepaswa kuulizwa swali moja tu, hata mtoto wa Jumapili angeweza kuliuliza: kama unaamini kwamba dunia inaisha kabla ya Pasaka, fedha unazipokea za nini? Utazitumia wapi?

Na nisisahau upande wa sheria, kwa sababu mko wazee hapa mnaoitwa kushuhudia mauzo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamzuia mtu kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mkewe au mumewe. Kidole gumba kilichobonyezwa kwa vitisho vya kuachwa na unyakuo ni ridhaa gani hiyo? Mzee wa kanisa akiitwa kushuhudia na akasikia kwamba sababu ya kuuza ni unabii, aweke kalamu chini, aje tuzungumze.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mchungaji huyu anazima Roho. Anataka watu walale. Sivyo. Mimi namtazamia Bwana. Nilifundishwa na walokole wa zamani, watu wa uamsho, wale waliokuwa wakiimba wimbo wao wa sifa "Tukutendereza" mpaka usiku wa manane, na sikumbuki hata mmoja wao aliyetupa tarehe. Ila nakumbuka walivyolipa madeni yao. Mlokole akikumbuka kuku aliyeiba akiwa kijana, alimrudisha. Alikwenda kwa jirani mchana, watu wakiona, akasema nilikuibia, na huyu hapa kuku wako. Kwa nini? Kwa sababu Bwana aja, na hakutaka akutwe na kuku wa mtu. Hivyo ndivyo watu wale walivyongoja.

Sasa Kanungu. Nyote mnaijua, wadogo mmesimuliwa, kwa hiyo sitarudia yote. Wafuasi wa kundi moja la dini kule, kusini-magharibi mwa Uganda, waliambiwa dunia itakwisha na mwaka 1999. Watu wakauza mali wakakabidhi kwa viongozi. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama kawaida, wakapewa siku nyingine. Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao likateketea na watu mamia ndani yake, watoto wachanga wakiwemo, kisha polisi wakaanza kufukua maiti kwenye nyumba nyingine za kundi lile, hata Buziga hapo Kampala. Majirani zetu wa Kenya nao mwaka 2023 wamefukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Imepita miaka ishirini na zaidi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana sichoki kusema!

Lakini mwaka 2000 una upande wa pili, na huu watu hawausimulii pamoja na Kanungu. Inanisikitisha. Oktoba ya mwaka ule ule, Ebola ilithibitishwa Gulu. Kama kuna watu nchi hii waliokuwa na sababu ya kusema mwisho umefika, ni watu wa Gulu: vita vya waasi wa Kony, kambi za wakimbizi, watoto wakitekwa usiku, na sasa ugonjwa wa kutokwa damu. Daktari Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali ya Lacor, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa, akarudi. Akaingia wodini kwa wagonjwa ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Wauguzi wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, walio hai wakaingiwa na hofu, na yeye akabaki nao. Tarehe 5 Desemba 2000 naye akafa kwa ugonjwa ule ule. Walioambukizwa walikuwa 425, waliokufa 224, na hesabu ingekuwa kubwa kuliko hiyo kama daktari yule na wauguzi wale wangekaa kwenye vilima kungoja wingu.

Mwaka mmoja, nchi moja. Bwana akirudi, ni nani kati ya hao amekutwa akikesha? Luka 12 inajibu. Heri mtumwa yule ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo. Akifanya nini? Akiwapa watumishi wenzake posho kwa wakati wake. Bwana anasema atamkuta akigawa chakula. Someni wenyewe mstari wa 42 na 43.

Thesalonike walikuwa na ugonjwa huu huu wetu. Waliambiwa siku ya Bwana imekwisha kuwapo, wakafadhaika, wengine wakaacha kazi wakawa wanajishughulisha na mambo ya wengine. Paulo, ambaye hakuna aliyemngoja Bwana kuliko yeye, aliwaandikia nini? "Ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Na yeye mwenyewe alishona mahema.

Yakobo naye anasema vumilieni hata kuja kwake Bwana, na anatuonyesha mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Huyo tunamjua, ndiye sisi. Mkulima wa hapa Samia anangoja mvua ya Machi, anangoja tena ile ya Septemba. Anapongoja, amelala? Analima kabla, anachagua mbegu, anapanda, anapalilia, anawinga ndege kwenye mtama tangu kunapokucha. Hawezi kuivuta mvua hata tone moja. Na mvua ikimkuta hajalima, imemnyeshea bure.

Mtaniambia, lakini ishara zimetimia. Vita vya Congo, magonjwa, ziwa kujaa. Nasema Bwana alizitaja vita na matetesi ya vita, kisha akasema, "angalieni, msitishwe," na tena, "ule mwisho bado." Mbona mnasoma nusu ya mstari? Na habari ya siku na saa, hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mtu akija Busia na tarehe ambayo malaika hawana, ameipata wapi?

Huku kwetu mashariki wapo waliowaficha watoto wasichanjwe na wakakataa kuhesabiwa kwenye sensa kwa kuogopa 666, namba ya mnyama wa Ufunuo. Surua inaua mtoto. Namba ya sensa haijamwua mtoto yeyote.

Na tusiwasingizie ndugu zetu Wasabato, maana najua jina lao litatajwa wakati wa maswali. Kweli, wazee wao wa imani walitokana na watu wa Marekani waliomngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo wakulima walioacha mazao shambani mwaka ule. Siku ikapita, wakalia. Lakini waliobaki waliacha kupiga tarehe, na leo ukiugua Bushenyi utaikuta hospitali yao pale Ishaka. Bado wanamngoja Bwana, na wanangoja huku wanatibu watu. Hapo sina ugomvi nao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimeandaa mengi juu ya miaka elfu ya Ufunuo 20, kama Bwana atakuja kabla au baada yake. Nayaacha. Wakristo wema wametofautiana tangu zamani na hakuna aliyekosa mbingu kwa hilo.

Lakini ufufuo siwezi kuuacha, kwa hiyo nivumilieni dakika chache. Wako watu humu ambao ndugu zao waliuawa porini na hawana kaburi la kuwekea hata msalaba. Wako waliokimbia kutoka Ituri na Kivu, wamewaacha wao njiani. Mafundisho ya tarehe hayana neno kwa watu hawa. Paulo analo: hatutaki msijue habari zao waliolala mauti, msije mkahuzunika kama wengine wasio na matumaini. Waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Hatuwatangulii. Ufunuo unasema bahari itawatoa wafu wake. Na pori litawatoa wake.

Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa tarehe 16 Februari 1977, Wakristo walikuwa wamemchimbia kaburi kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, karibu na la Askofu Hannington. Serikali ya Amin ikawanyima mwili, ukapelekwa kuzikwa kwao Mucwini. Watu wakakusanyika Namirembe vile vile, wakalizunguka kaburi tupu, na maneno ya malaika yakawarudia: hayupo hapa, kwani amefufuka. Watu waliokuwa wakiogopa hata kunong'ona wakaimba. Wakashuka kilimani wakiwa na nguvu ya kuishi chini ya Amin miaka miwili zaidi. Na aliyeua atasimama mbele ya Hakimu, hata kama hapa duniani hakufikishwa mahakamani. Mnyonge wa Uganda anahitaji kusikia hilo mara nyingi kuliko anavyohitaji kusikia habari za mnyama mwenye pembe kumi.

Juu ya mbingu mpya na nchi mpya someni 2 Petro 3, na mwangalie Petro anavyoshuka kutoka kwenye moto wa mbinguni moja kwa moja mpaka kwenye mwenendo wetu.

Ninalowaomba wazee kabla hatujafika kwenye maswali ni hili. Kila kanisa lililowakilishwa hapa lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao familia yoyote itakwenda kwao kabla ya kuuza ardhi kwa sababu ya mahubiri. Hema likipigwa kijijini, watu hao waende jioni ya kwanza, wakae mbele, wamwulize mhubiri juu ya tarehe yake hadharani, kwa heshima. Na yule mama, mnunuzi wa shamba lake nimeongea naye. Ni Mkristo mwenzetu, amekubali kumrudishia robo ya shamba kwa bei ile ile aliyonunulia. Fedha bado hazijatimia. Kapu liko mlangoni, mwalimu wa Jumapili amelishika.