Kazi Iliyosimama Kwapani: Kumaliza Sweta Zilizoachwa na Kutumia Uzi Uliobaki

Mabibi na mabwana, akina mama, na ninyi vijana ambao nimefurahi kuwaona mmeketi na sindano mikononi, hamjambo.

Nawashukuru walioandaa kikao hiki kwa kukiweka mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nairobi humfanya kila mwenye sweta nusu kabatini aikumbuke. Niliwaomba kila mmoja aje na kazi moja aliyoianza akaiacha, pamoja na uzi wowote uliobaki nyumbani, nanyi mmeitikia hata meza hizi mbili hazikutosha. Kabla hatujaanza nilizunguka nikazitazama kazi zenu moja baada ya nyingine, na nilichokiona ndicho nitakachokieleza jioni hii.

Kazi ya kufuma huachwa mahali maalumu. Nimefundisha ufumaji kwa miaka mingi na bado sijaona sweta iliyoachwa hivi hivi, katikati ya mgongo ulionyooka, mahali ambapo mkono unaenda wenyewe na mfumaji anaweza kuzungumza na jirani yake bila kuhesabu. Sweta husimama kwapani, pale mfumaji anapotakiwa kuanza kupunguza vitanzi kila upande na kukumbuka amepunguza mara ngapi. Husimama baada ya mkono wa kwanza, kwa sababu mkono wa pili ni kurudia kazi ambayo macho yamekwisha kuichoka. Husimama vipande vyote vikiwa vimekamilika, mgongo, kifua na mikono miwili, vikikaa mfukoni mwaka mzima vikisubiri kuunganishwa. Na husimama pale uzi ulipokwisha na duka halina tena rangi ile. Mwenye kazi husema, “Nilikosa muda,” nami simkatalii, lakini nikiichukua kazi yake nikaisoma, mara nyingi huona kwamba muda ulikosekana hasa kwenye safu ile yenye jambo gumu.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumaliza kazi za zamani asianze kwa kujilaumu wala kwa kununua uzi mpya. Aanze kwa kutafuta mahali kazi iliposimama na kujiuliza pana ugumu gani hapo. Aliyesimama kwapani anahitaji kufundishwa kupunguza vitanzi, jambo la nusu saa. Aliyeacha vipande bila kuviunganisha ahesabu jioni mbili na sindano butu yenye tundu kubwa, avipige maji kidogo, avinyooshe, avibane kwa pini na kuviacha vikauke kabla ya kushona, kwa maana vipande vilivyojikunja kingoni ndivyo vinavyomfanya mtu aone kuunganisha ni adhabu. Na aliyechoka baada ya mkono mmoja, ushauri wangu kwake ni wa safari ijayo: afume mikono yote miwili kwa wakati mmoja kwenye sindano moja ndefu, kila mkono na donge lake, ili ikamilike siku moja.

Naomba niwasimulie kazi moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi ninayowaambia.

Shangazi yangu alipofariki, mfuko wake wa kufumia uliletwa kwangu. Ndani yake mlikuwa na sweta ya mtoto ya rangi ya buluu iliyoiva, yenye vifungo mbele. Mgongo ulikuwa tayari, vifua viwili vilikuwa tayari, na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado kwenye sindano, nazo zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye sakafu ya saruji, kama zile ambazo wengi wetu tulijifunzia shuleni. Niliuweka mfuko ule juu ya kabati na ukakaa huko miaka tisa. Sikuugusa kwa sababu niliona kwamba nikiumaliza mkono ule nitakuwa nimefuta mahali pa mwisho alipoweka mkono wake.

Siku nilipoushusha, nilikuta karatasi iliyokunjwa ndani ya donge la uzi. Shangazi hakuwa mtu wa kuandika sana, lakini alikuwa amechora vijiti kwa penseli, kijiti kimoja kwa kila safu, na kila kijiti cha sita amekitia duara. Nilihesabu vijiti ishirini na moja. Nikahesabu safu kwenye ule mkono, nazo zilikuwa ishirini na moja. Duara zilikuwa safu za kuongeza vitanzi. Kwa karatasi ile ndogo nilijua amefika wapi, ameongeza mara ngapi, na safu ya kuongeza inayofuata ni ipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naamini walijua kwamba mali si fedha tu.

Nilifuma kwa furaha jioni nzima, kisha nikapima, nikakuta kosa. Ufumaji wa shangazi ulikuwa na vitanzi 24 katika kila sentimita 10, na wangu, kwa sindano zenye unene uleule na uzi uleule, ulikuwa na vitanzi 21. Mkono wake ulikuwa unavuta uzi zaidi kuliko wangu. Mnaweza kuona hilo si jambo dogo: vitanzi 60 vya mkono wa sweta vinatoa upana wa sentimita 25 kwa ufumaji wake, na zaidi ya sentimita 28 kwa ufumaji wangu. Mkono ungekuwa na tumbo katikati. Nilifumua vyote nilivyofuma, nikajaribu sindano nyembamba zaidi kwenye kipande cha majaribio, nikajaribu nyingine nyembamba kuliko hizo, mpaka nikapata 24. Ndipo nikaendelea. Hii ndiyo sababu nawasihi: kabla ya kuendelea na kazi ya zamani, iwe ya marehemu au yako mwenyewe ya miaka mitano iliyopita, pima ule uliokwisha kufumwa, hesabu vitanzi vya sentimita 10, kisha fuma kipande cha majaribio. Hata mkono wako mwenyewe hubadilika. Tena, safu iliyokaa kwenye sindano kwa muda mrefu hutanuka na wakati mwingine hupata kutu ya sindano. Fumua safu hiyo moja au mbili, uanze na vitanzi safi.

Mtoto aliyekusudiwa sweta ile alikuwa amekwisha kuwa kijana mrefu kunipita. Sweta inavaliwa sasa na mdogo wa binamu yake, ambaye hakumwona shangazi kamwe.

Kuna watu walioona haja hii na kuifanyia mpango. Mwaka 2022 nchini Marekani, Masey Kaplan na Jen Simonic walianzisha mradi uitwao Loose Ends, ambao humkutanisha mtu aliyeachiwa kazi isiyokamilika na marehemu, au na mtu ambaye afya haimruhusu tena kufuma, na mfumaji wa kujitolea wa kuimaliza. Ningependa kuona jambo kama hilo hapa kwetu, kuanzia na makundi haya ya makanisani, misikitini na mitaani ambayo tayari yapo.

Kabla sijaacha habari ya sindano, nionye juu ya namba. Sindano nyingi tulizorithi kwa mama zetu zina namba za zamani za Uingereza, ambazo huenda kinyume: namba ikizidi, sindano inakuwa nyembamba. Sindano namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25. Vijana wetu wanapakua maelezo kutoka intaneti, na mengi ni ya Marekani, ambako namba huongezeka pamoja na unene, na namba 8 yao ni milimita 5. Nimeona leo sweta mbili zilizoachwa kwa sababu “zimekataa kufikia kipimo,” na nadhani hakuna aliyekosea kufuma. Andikeni milimita, na msahau namba.

Sasa, si kila kazi inastahili kumalizwa. Lugha yetu imetupatia maneno mawili yanayotoka shina moja, kufuma na kufumua, na mimi sioni la pili kuwa kinyume cha heshima. Kama mwenye sweta amekua, kama rangi ile huipendi tena, kama ulifuma ukiwa na hasira na kila ukiigusa hasira inarudi, fumua. Zungushia uzi mgongoni mwa kiti, ufunge kwa kamba mahali panne bila kukaza, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uutundike kivulini ukiwa umening'inizwa kitu chepesi chini yake. Mikunjo itanyooka na uzi utafumika tena. Waingereza walifanya kufumua kuwe wajibu wa kila nyumba wakati wa Vita Vikuu vya Pili, baada ya serikali yao kuanza kugawa nguo kwa kuponi mwaka 1941. Hapa kwetu hatukuhitaji kuamriwa, kwa sababu akina mama wa Ukambani na wa Mlima Kenya wamesuka viondo kwa uzi wa sweta zilizofumuliwa. Anayenunua sweta ya mtumba Gikomba kwa ajili ya uzi wake, aitazame mishono ya pembeni ndani. Ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono mzito wa mashine, akifumua atapata vipande vifupi vya upana wa sweta. Ikiwa kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi mmoja, atapata uzi mrefu.

Nije kwenye uzi uliobaki, haya madonge madogo mliyoyaleta katika mikebe ya biskuti.

Jambo la kwanza ni kujua ni uzi gani. Katika jiji hili tunaita kila uzi wa sweta sufu, ilhali sehemu kubwa ya ule tunaonunua ni akriliki, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ghafi. Kata kipande kifupi, kishike kwa kibano juu ya sahani, ukiwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole yakipoa. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Tofauti hii ina maana kubwa siku ya kufua. Nyuzi za sufu ya kondoo zina magamba madogo sana ambayo, katika maji moto na kwa kusuguliwa, hushikana na kitambaa kikasinyaa. Blanketi la vipande vya sufu na vya akriliki vilivyochanganywa likifuliwa pamoja kwa maji moto, vipande vya sufu vitajikunja na vingine vitabaki vilivyo, na kazi ya miezi itaharibika kwa asubuhi moja. Tenganisheni mikebe.

Jambo la pili ni mizani ya jikoni. Kama lebo inasema gramu 50 ni mita 120, na donge lililobaki lina gramu 18, basi una mita 43 na kitu. Na safu moja ya ufumaji wa kawaida hula uzi wa takriban mara tatu ya upana wake, kwa hiyo kwa kipande cha sentimita 20 bakisha sentimita 80 za kufunga vitanzi, usiwe na wasiwasi.

Sasa niwaonyeshe njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hailazimu kukisia. Anza na vitanzi viwili, na katika kila safu ongeza kimoja mwanzoni, ukifuma upande wa mbele na wa nyuma wa kitanzi kilekile. Pembetatu itakua. Kila mara pima donge. Lile la gramu 18 likibaki na gramu 9 na nukta kadhaa, geuza, uanze kupunguza kimoja kila safu, mpaka urudi kwenye vitanzi viwili. Utapata mraba uliofumwa kutoka pembe hadi pembe, na uzi utakuwa umekwisha wote isipokuwa kamkia kadogo. Miraba itatofautiana ukubwa kwa kuwa madonge yanatofautiana, nayo husawazishwa kwa kuizungushia safu za rangi moja tulivu, kijivu au rangi ya maziwa, mpaka yote ifikie kipimo kimoja. Rangi hiyo moja pembeni ndiyo inayofanya rangi thelathini zisizojuana zikae pamoja bila kugombana. Uzi mwembamba usiulazimishe kukaa na mnene. Shika nyembamba mbili pamoja, zifume kama moja.

Katika meza ile ya kushoto nimeona shali la kijani lililosimama safu chache kabla ya mwisho, na donge lake ni dogo sana, nadhani mwenyewe aliogopa halitatosha. Mama uliyelileta, tafadhali njoo nalo hapa mbele. Mizani iko hapa. Tupime upana wake kwanza.