Jinsi ninavyopata wasomaji wa simulizi zangu Facebook na WhatsApp

Haya mambo vipi wapendwa, karibuni tena, leo sisomi simulizi, leo nawaonyesha ninavyowapata wasomaji maana inbox nzima mnaniuliza hilo hilo. Kufungua ukurasa wa Facebook mnajua, kava mnajua kuweka, naruka.

Chukua sehemu ya kwanza ya simulizi yako uibandike. Facebook inaonyesha mistari michache ya juu tu, iliyobaki mpaka mtu abonyeze, kwa hiyo zile "habari zenu wasomaji wangu poleni na majukumu" peleka chini kabisa. Juu anza na tukio. Nasogeza simu muone yangu: "Mama Salma alifungua kabati akahesabu sufuria saba. Ya nane, ile yenye hela za mahari, haikuwepo." Anayeskroli hapo lazima asimame, nani kachukua?

Sasa pa kukatia, hapa ndo napapenda mie. Katisha simulizi mkono wa mhusika ukiwa kwenye kitasa, mlango usifunguke. Mie nimekatisha pale Mama Salma anapoita "Salma!" halafu chumbani kwa Salma inaitika sauti ya mwanaume. Itaendelea! Watajaa kwenye komenti wanalia arosto, na wewe hapo hapo, wakiwa bado na moto, weka komenti yako: "Sehemu ya 2 leo saa tatu usiku WhatsApp, save namba hii kwanza kisha nitumie jina lako." Usisubiri kesho, kesho arosto imeisha.

Ngoja bodaboda huyu apite... haya.

Sikilizeni vizuri hapa. Nimesema msomaji ASAVE namba yako kwanza. Wewe kumsave yeye haitoshi! Unaingia WhatsApp, vidoti vitatu juu, brodikasti mpya, yaani ujumbe mmoja unaoenda kwa watu wengi, kila mtu inbox yake, unachagua watu, mwisho 256 kwa listi moja, wakizidi unatengeneza nyingine. Ila ujumbe wa brodikasti unamfikia yule tu aliyesave namba yako. Simulizi yangu ya kwanza nilituma sehemu tisa, usiku tisa mfululizo, nikawa naona kimya nikajua watu hawaipendi nikaiacha, kumbe wengi haikuwafikia kabisa, hawakuwa na namba yangu. Iliniuma sana, ile simulizi nilikuwa naipenda.

Kwa hiyo kabla ya sehemu ya 2 tuma neno moja la kujaribu. Mie natuma "Paukwa". Halafu bonyeza ule ujumbe kwa muda, ingia kwenye taarifa zake, itakuonyesha umemfikia nani... taa imezima? Umeme huo, nasogea dirishani. Mnaniona? Sawa. Itakuonyesha umemfikia nani, hao wanaanza kukujibu "Pakawa" wenyewe. Ambaye haujamfikia mfuate inbox kwa upole, mwambie dada bado hujasave namba yangu. Narudia tena, ASAVE, usiende sehemu ya 2 kabla hujahakikisha.

Wapo mtakaosema si ufungue chaneli ya WhatsApp, zipo tangu 2023, hazitaki kusaviwa namba na namba yako haionekani. Kweli, na kama hutaki watu wakupigie usiku fungua hiyo. Mie napenda brodikasti kwa sababu msomaji ananijibu mwenyewe, kuna mama mmoja aliniandikia "huyo mwanaume ni fundi bomba, nimemjua" na alikuwa amepatia, nikabadilisha sehemu ya 6 usiku ule ule.

Status weka kipande kifupi tu cha kuwakumbusha, inafutika baada ya saa 24.

Na saa ni saa. Ukisema saa tatu iwe saa tatu, watu wanaweka bando kwa ajili yako.

Anayetaka ya Mama Salma nzima, sehemu 40, ni shilingi 2,000, namba ipo kwenye skrini. Isave kwanza, halafu niandikie "Paukwa".